Fomu Chini ya Mti

Agosti 1984, siku ya mapumziko kambini, Kamoya Kimeu alitoka kunyoosha miguu kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Jicho lake likaangukia kipande cha fuvu chenye rangi karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Majuma yaliyofuata yeye na wenzake, wakiongozwa na Richard Leakey na Alan Walker, walichekecha mchanga hadi wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyekufa takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia ikampa jina la Turkana Boy. Makumbusho yakampa namba, KNM-WT 15000, akapelekwa Nairobi na huko yuko hadi leo. Hakuulizwa, wala hapakuwa na namna ya kumuuliza.

Miaka ileile, kaskazini-magharibi zaidi, kuelekea Lokichoggio, kulikuwa na Waturkana wengine waliokuwa wakipimwa, kuhesabiwa na kuandikwa, na hao walikuwa hai. Hao wangeweza kuulizwa. Aulize nani, kwa lugha gani, na mtu akikataa iweje? Kenya imechukua miaka arobaini kujifunza kujibu maswali hayo, na sehemu kubwa ya mafunzo yenyewe haikufanyika darasani.

Ugonjwa uliowaleta watafiti ni hidatidi. Chanzo chake ni tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, maji na mikono, na yakimwingia binadamu hujenga kifuko cha maji kwenye ini, kwenye mapafu au popote palipo na nafasi. Kifuko hukua polepole kwa miaka, mwanzoni bila maumivu, mpaka tumbo linavimba kama la mjamzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 makadirio ya Turkana ya kaskazini-magharibi yalitaja wagonjwa 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na vitabu vya tiba vikaandika kwamba hakuna mahali duniani palipozidi hapo. Mbwa wa Kiturkana hakuwa mlinzi tu. Mahali ambapo maji hufuatwa kwa mwendo wa saa kadhaa, mbwa ndiye aliyemsafisha mtoto mchanga kwa ulimi, na mama akamthamini kwa kazi hiyo.

Shirika la AMREF, lililoanzishwa 1957 na mpasuaji Michael Wood pamoja na wenzake wawili, lilikuwa likipeleka madaktari kwa ndege kuwapasua wagonjwa hao, wengi wao katika hospitali ya misheni ya Kakuma. Mwaka 1983 likaanza mradi wa kuuzuia ugonjwa wenyewe: kupunguza mbwa, kuwapa waliobaki dawa ya minyoo, kuwafundisha watu. Ukitaka kujua swali la ridhaa lilianzia wapi Turkana, anzia kwa mbwa. Anayezurura hana mwenyewe, mgeni atasema. Lakini katika boma la wafugaji wanaohama, mbwa aliyelala kivulini mbali na nyumba anaweza kuwa wa bibi aliyekwenda kisimani. Kumwondoa ni uamuzi juu ya malezi ya mtoto wa mtu. Hakuna fomu iliyoandikwa kwa ajili ya hilo, wala sijui kama ingesaidia. Jambo kama hilo huzungumzwa, na mazungumzo hayana mwisho unaojulikana asubuhi.

Kisha ikaja mashine. Timu ya mradi, wakiwemo Calvin Macpherson na Eberhard Zeyhle, ilibeba ultrasaundi ndogo hadi kwenye mabwawa na chini ya miti ya migunga, ikaiwasha kwa jenereta. Kabla yake uchunguzi ulitegemea damu: unachomwa sindano, chupa inaondoka, jibu linabaki mbali au halirudi kabisa. Mwaka 1987 jarida la Lancet lilichapisha ulinganisho wao wa njia hizo mbili kwa watu wanaohamahama, na ultrasaundi ikaonekana bora. Sababu walizotoa ni za kitaalamu, na ni sahihi. Mimi naiona nyingine ambayo haikuwa lazima waiandike. Mtu analala kwenye ngozi, anapakwa mafuta tumboni, na pale pale, mkewe na majirani wakichungulia, duara jeusi linajitokeza kwenye kioo. Anaambiwa: hiki hapa. Anauliza anachotaka kuuliza. Jibu halivuki Mto Turkwel kwanza. Kwa wengi huo ulikuwa utafiti wa kwanza uliowajibu siku hiyohiyo.

Dawa ya albendazole nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa ambao kisu kisingewasaidia. Mwaka 1986 ilichapishwa London ripoti fupi ya wagonjwa 12. Leo dawa hiyo iko katika miongozo ya tiba ya hidatidi duniani kote.

Kusini mwa wilaya ya Turkana, karibu wakati huohuo, kundi jingine la wasomi kutoka Marekani, wakiwemo Michael Little, Paul Leslie na akina Dyson-Hudson, liliishi na wafugaji wa Ng'isonyoka, likiwapima urefu, uzito, maziwa wanayokunywa na watoto wanaozaliwa. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka Oxford mwaka 1999. Ni kitabu kizuri. Nimekiona kwenye rafu za Nairobi. Lodwar, mji mkuu wa Turkana, bado sijakutana nacho.

Huko Nairobi mambo yalikuwa yakijengwa kwa mwendo wa serikali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utafiti wa tiba uliokuwa chini yake ulibaki yatima. Kenya ikatunga Sheria ya Sayansi na Teknolojia mwaka huohuo, na marekebisho ya 1979 yakazaa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba. Mwaka huohuo wa 1979 Marekani ilitoa Ripoti ya Belmont ya maadili ya utafiti, baada ya kugundulika kwamba kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende huko Tuskegee waliachwa bila tiba ili wasomi waone ugonjwa unaishia wapi. Heshima kwa mtu, wema, haki: maneno matatu ya Belmont yamefundishwa katika kila kozi ya maadili ya tiba iliyofika Kenya tangu hapo. Mwanafunzi wa Eldoret anaweza kukusimulia Tuskegee kwa tarehe. Muulize kuhusu mbwa wa Lokichoggio uone.

Lililoamsha wakubwa halikutoka Turkana, lilitoka mtaa wa Majengo, Nairobi. Wanawake wanaofanya ukahaba huko walikuwa wakitoa damu kwa watafiti tangu miaka ya 1980, na baadhi yao hawakupata virusi vya UKIMWI ingawa walikutana navyo kila siku. Kutokana na damu ile likatoka wazo la chanjo, na mwaka 2000 ikajulikana kwamba wabia wa Uingereza walikuwa wameomba hataza bila kuwaweka Wakenya. Magazeti yakawaka, na mkataba ukalazimika kuzungumzwa upya. Tangu hapo neno "sampuli" lilianza kuzungumzwa Kenya kama mali.

Mwaka 2004 Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia likatoa mwongozo wa kitaifa wa utafiti wa tiba unaohusu binadamu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kikapata kituo cha kanda cha UNESCO cha nyaraka na utafiti wa maadili ya tiba. Kamati ya kitaifa ya maadili hayo ikafuata mwaka 2009. Sheria mpya ya sayansi ya 2013 ikaunda tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na sasa hakuna mtafiti anayefungua kalamu bila leseni yake.

Kwa Turkana, hata hivyo, mji uliokuwa na uzito ni Eldoret. Mgonjwa akizidi uwezo wa Lodwar hupakiwa kwenye ambulensi, hufika Kainuk, hupanda milima ya Pokot, hupita Kitale na kuishia hospitali ya rufaa ya Moi. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilikuwa na urafiki wa kitabibu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2008, kwa fedha za kituo cha Fogarty cha serikali ya Marekani, wakaanzisha mpango wa kufundisha maadili ya utafiti hadi shahada ya uzamili. Kwa upande wa Eldoret aliongoza mwanasaikolojia David Ayuku, na upande wa pili Eric Meslin, aliyewahi kuwa mkurugenzi mtendaji wa tume ya maadili ya tiba ya Rais Clinton. Kuna kinaya hapa na sitajifanya sikioni: mkono uliolipia utafiti ndio uliolipia darasa la kuuhoji. Lakini waliosoma walihoji. Kamati za maadili ambazo zamani zilikuwa muhuri na chai zikaanza kurudisha maombi kwa wenyewe.

Na Eldoret ilifanya jambo ambalo halikuwa Belmont. Mwaka 2010 Violet Naanyu, Ayuku na wenzao walichapisha makala juu ya baraza la afya: badala ya kumhoji mtu mmoja mmoja chumbani, unaitisha baraza, watu wanaketi kama walivyozoea kuketi kwa chifu, wanabishana mbele ya wote, na wewe mtafiti unasikiliza. Miaka michache baadaye mabaraza yakatumiwa kuzungumza na vijana wa mitaani wa Eldoret na watu wa jamii kuhusu nani anaweza kumruhusu mtoto asiye na mzazi kuingia kwenye utafiti. Aliyewahi kukaa chini ya mti wa wanaume huko Turkana, kila mzee juu ya ekicholong chake, kigoda ambacho usiku huwa mto wa kulalia, hahitaji kuelezwa kwa nini njia hiyo ilieleweka haraka.

Ila nimechoka na hotuba zinazosema Mwafrika haamui peke yake. Mti unafungua lango. Hautoi mkono wa mtu kuchomwa sindano. Wazee wakishakubali, yule mama aliyeketi pembeni na watoto, asiyezungumza barazani, bado ana mshipa wake na neno lake. Kozi nzuri za Eldoret zinafundisha vyote viwili. Kozi mbaya hufundisha kimoja na kukiita utamaduni.

Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, na kuanzia 2013 afya ikawa ya serikali ya Lodwar. Mtafiti aliyezoea kumalizana na Nairobi sasa hubisha hodi kwa kamishna, kwa idara ya afya ya kaunti, kisha kwa chifu. Chuo cha mafunzo ya tiba kina kampasi mjini humo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilianzishwa 2017, mwaka uleule ambao Sheria ya Afya iliandika bayana kwamba mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kutibiwa. Sheria ya kulinda data ya 2019 ikaweka habari za afya, za vinasaba na alama za vidole katika kundi linalohitaji ulinzi zaidi.

Lugha anayoielewa. Niliwahi kukodiwa siku chache na mradi mmoja, jina naliacha, nigeuze fomu ya ridhaa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, ili kijana mwingine aigeuze kwa mdomo kutoka Kiswahili hadi Kiturkana. Kurasa nne. Kidau cha wino wa zambarau kwa wasioandika. Niliandika kwamba sampuli "zitahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye", nikajiona nimemaliza. Kijana akasoma, akanyamaza, akaniuliza: matumizi ya nani? Nikarudi kwenye Kiingereza, hakikusema. Tukapiga simu ofisini. Ofisi ikasema tuandike hivyohivyo. Tukaandika hivyohivyo.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya neno "hiari". Kushiriki ni kwa hiari yako, fomu ilisema, na ukikataa hutapoteza huduma yoyote. Nyuma ya meza, chini ya mti, kulikuwa na magunia: kila mshiriki angepewa kilo mbili za unga kwa kupoteza muda wake. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Darasani kosa hilo lina jina na lina sura yake nzima kitabuni: kishawishi kinachozidi kiasi. Chini ya ule mti lilikuwa foleni. Unga ukipunguzwa, umewanyima wenye njaa. Ukiachwa, umenunua ndiyo. Hakuna aliyekataa siku ile, na hilo ndilo lililonisumbua.

Kuhusu damu yenyewe, ni wageni waliofika na wasiwasi kwamba wenyeji wataiogopa sindano. Mturkana anajua kutoa damu. Ng'ombe hufungwa kamba shingoni, mshipa ukisimama hupigwa mshale uliowekewa kizuizi usizame, damu inakingwa kwenye kibuyu, kamba inalegezwa, jeraha linazibwa, mnyama anaondoka akitembea. Hupigi aliyekonda. Hupigi yuleyule juzi na leo. Watu wenye kanuni hizo wakimwona mtafiti akirudi mara ya tatu kwa damu bila kusema ile ya kwanza ilionyesha nini, hawahitaji kozi kujua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar iko Kakuma. Waandishi wa kigeni hupenda kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Msomaji wa Kiswahili atafute kamusi aipendayo. Kambi ilifunguliwa 1992, wavulana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan walipovuka mpaka. Makazi ya Kalobeyei yakaongezwa 2016, na wakazi wote kwa pamoja sasa ni zaidi ya robo milioni. Hapa ridhaa ina mtihani wake. Mwaka 2013 mgao wa chakula ulianza kufungwa na alama za vidole: weka kidole, mashine ikutambue, upewe. Ilizuia udanganyifu, kweli. Lakini mtu ambaye kidole chake ndicho mlo wake hawezi kuambiwa kwa uso mkavu kwamba anaweza kukataa. Na baada ya foleni ile akikutana na mtafiti mwenye fomu na kidau cha wino, atajuaje kwamba kidole hiki ni cha hiari na kile cha asubuhi hakikuwa?

Hilo huwezi kulieleza kwa Kiingereza pekee. Katika kambi hiyo Kiswahili ni daraja kati ya Mkongo, Mrundi, Msomali aliyekulia Kenya na Mturkana wa sokoni, ila si Kiswahili cha ofisini. Mama wa Kivu ukimwambia "ridhaa" anaweza kukutazama tu. Mwambie "ruhusa", mwambie "unakubali ao hapana", mmeelewana. Kazi hiyo ya kugeuza maneno hufanywa na wakimbizi wenyewe, wale wanaoitwa "insentivu" kwa sababu hawalipwi mshahara bali posho ndogo. Ndio walimu wa maadili ya tiba ambao hakuna chuo kilichowatunuku cheti, ingawa baadhi yao wamesoma: tangu 2010 Wajesuiti wanaendesha masomo ya chuo kambini, na Chuo Kikuu cha Geneva kilifundisha huko, kati ya mengine, kozi ya afya ya binadamu, wanyama na mazingira kwa pamoja, ambapo wanafunzi walibuni miradi juu ya matatizo waliyoyaona nje ya mlango wao. Mbwa, mbuzi, maji na mtoto katika somo moja. Miaka ya 1980 hilo lilikuwa jambo la Lokichoggio. Sasa lina silabasi.

Utafiti mkubwa wa mwisho wa kusimulia ni wa vinasaba. Watafiti wa Marekani, wakiwemo Julien Ayroles na Amanda Lea, pamoja na Wakenya wa KEMRI na wa Turkana yenyewe, walianza kwa kupima afya ya watu wazima zaidi ya 1,200, kuanzia wachungaji mpaka waliohamia mijini. Ripoti ya 2020 ilionyesha kwamba shinikizo la damu, unene na magonjwa ya moyo na sukari yanawaandama hasa walioishia mijini kabisa. Septemba 2025 jarida la Science likachapisha awamu iliyofuata: vinasaba vyote vya watu 367 vilisomwa, na sehemu nane zikaonekana kuchongwa na maisha ya jangwani. Iliyojitokeza zaidi ni jeni ya STC1, inayohusika na figo kubana maji na huenda kuzilinda dhidi ya mabaki ya mlo wa nyama, maziwa na damu. Badiliko hilo lilianza kushamiri yapata miaka 5,000 iliyopita, nchi ilipokauka.

Kwa hiyo kuna cha kurudishwa, na safari hii si heshima tu. Mwili uliozoea kiu na nyama, ukihamia Lodwar kwenye soda, chapati na kiti, unahitaji kuonywa. Watafiti wamesema wanatayarisha vipindi vya sauti kwa Kiturkana, vya kusikilizwa hata kwenye simu, ili matokeo yafike yalikotoka. Kila mmoja wa wale 367 alikuwa na jina alipotoa mkono. Katika jedwali lililochapishwa hawana majina, kwa sababu maadili yanataka wafichwe ili walindwe. Wao nao wamekuwa namba, kama mvulana wa Nariokotome. Ndiyo maana sauti itatumwa kwa kila mtu.